Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: Taarifa za Zahanati ya Mlimani Zirudi Mlimani

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUANDAA MIFUMO YA AFYA YA KIDIJITALI KUANZIA ZAHANATI YA MLIMANI

Mheshimiwa Waziri,

Naomba uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Ninafahamu kwamba zipo ngazi, na ngazi hizo tumezipitia kwa adabu. Serikali ya kijiji imetusikiliza, mtendaji wa kata ametusikiliza, na ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya imetupokea kwa uungwana kila tulipobisha hodi. Wote wametueleza kwa ukweli kwamba mambo tunayoyaomba hayaamuliwi kwao. Ndiyo maana nimeona nikufikishie wewe, na nikufikishie kwa uwazi, kwa kuwa zahanati kama yetu ni nyingi, na huenda wenzetu wa Usambara, Upare na Udzungwa wakajiona humu.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mjumbe wa kamati ya zahanati katika tarafa ya Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Si tabibu, wala sijasomea kompyuta. Ninachokijua ni kile anachokiona mjumbe anayekaa kwenye benchi la zahanati siku ya kliniki, anayesoma taarifa ya mapato na matumizi kabla ya kuipitisha, na anayesimamishwa njiani na majirani wakimuuliza kwa nini dawa fulani hakuna. Kwa kiti hicho kidogo ninachokikalia, naomba uniruhusu niseme.

Nianze na shukrani, maana zinastahili. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za huduma zimekuwa zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kamati inakaa, inapanga, na hesabu zinaingizwa kwenye mfumo wa FFARS ambao wilaya na taifa wanausoma. Kabla ya hapo tulikuwa tukiitwa kuja kuhudhuria uamuzi uliokwisha kufanyika. Sasa tukiamua kuziba paa linalovuja kwenye chumba cha kujifungulia, fundi anapatikana na paa linazibwa. Huo nao ni mfumo wa kidijitali, Mheshimiwa, na kijiji kimeupokea kwa mikono miwili kwa sababu kijiji kimeona matunda yake.

Ombi langu kwako ni moja. Kila taarifa inayopanda kutoka zahanati ya mlimani irudi ikiwa na faida kwa aliyeitoa, na mfumo usioweza kufanya hivyo usiletwe kwetu mpaka uweze.

Naomba nikueleze mwisho wa mwezi ulivyo. Zahanati yetu, kama nyingi za huku juu, ina watumishi wachache. Mmoja akienda likizo au semina, anabaki muuguzi mmoja. Mtoto mwenye homa akiingia asubuhi, muuguzi huyo anamwandika kwenye Kitabu Namba 5 cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, ambacho ni rejesta ya wagonjwa wa nje. Kipimo cha malaria kina daftari lake. Dawa aliyopewa inaandikwa kwingine, kisha inapunguzwa kwenye leja ya stoo. Mama yake akiwa mjamzito ana Kitabu Namba 6. Mdogo wake aliyeletwa kupimwa uzito yuko kwenye Kitabu Namba 7. Baada ya hapo yapo maswali ya kishikwambi tulicholetewa, ambayo kwa sehemu kubwa ni yaleyale ya vitabuni, yakiulizwa kwa mpangilio mwingine na vitufe vya Kiingereza. Kitabu hakiondolewi kwa sababu mfumo unaweza kuzima. Mfumo hauachwi kwa sababu ndio unaosomwa wilayani. Muuguzi anabeba vyote viwili, na foleni iko nje.

Ripoti ya mwezi inatakiwa ifike wilayani kabla ya tarehe 7. Kuna mahali pamoja kijijini, kwenye kona ya njia chini ya mwembe, ambapo mtandao unashika bila kukatika. Nimemkuta muuguzi pale jioni, gauni la kazi likiwa bado mwilini, kishikwambi amekiinua usawa wa paji la uso, akisubiri kile kiduara kimalize kuzunguka. Manyunyu yakianza anakifunika kwa kanga. Kule zahanatini ameacha mlango umefungwa na namba yake ya simu imeandikwa kwa chaki ubaoni, lakini mgonjwa aliyesimama pale mlangoni hana mtandao wa kuipigia namba hiyo. Wakati wa masika, upepo wa bahari unapoangusha mvua yake yote kwenye miteremko hii, sola inashindwa kujaza betri, na muuguzi anapaswa kuchagua: taa ya chumba cha kujifungulia au chaji ya kishikwambi. Huwa anachagua taa. Mwezi unaofuata, zahanati inatajwa kwenye kikao kuwa imechelewesha ripoti.

Sisemi haya kumlaumu mtu. Waliokileta kishikwambi walikuja kwa nia njema na tuliwapokea vizuri. Ninachoomba kizingatiwe ni kwamba kati ya yote yanayopandishwa kutoka chini ya ule mwembe, kwa muda wote niliokaa kwenye kamati, sijaona hata karatasi moja iliyorudi kutuambia: kijiji chenu kina hali hii, vijiji jirani vina hali hii, basi fanyeni hivi.

Na hapa, Mheshimiwa, ndipo ninapopata ujasiri wa kukuandikia, kwa kuwa wilaya yetu ina historia ya jambo hilo la taarifa kurudi kufanyika vizuri, na ningesikitika sana kama lingesahaulika hapahapa lilipozaliwa. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti yake kuhusu uwekezaji katika afya, ikidai kwamba nchi maskini zinaweza kuokoa maisha mengi kwa fedha kidogo kama fedha hizo zitafuata magonjwa yanayoua. Wizara yako, ikishirikiana na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, ikaamua kulijaribu dai hilo kwa vitendo katika wilaya mbili: Rufiji na Morogoro Vijijini, wakati ambapo Mvomero ilikuwa bado ndani ya Morogoro Vijijini. Mradi uliitwa TEHIP. Kwa hiyo Matombo ilikuwamo, na Mgeta kule upande wa pili wa mlima ilikuwamo.

Njia yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Watu walipita nyumba kwa nyumba, wakauliza ni nani aliyefariki humu ndani na alikuwa na dalili gani kabla ya mauti. Kwa Morogoro kazi hiyo ilikuwa imekwisha anza mwaka 1992 chini ya mradi mwingine wa wizara, AMMP, uliokuwa pia Hai na Dar es Salaam. Majibu yaliingizwa kwenye kompyuta. Kilichofuata ndicho ninachokuomba ukitafakari: kompyuta ile haikuishia kuhifadhi. Iliyageuza majibu kuwa michoro ambayo timu ya afya ya wilaya iliweza kuisoma mezani ikiwa inapanga bajeti, mchoro mmoja ukionyesha kinachoua, mwingine ukionyesha fedha zinakokwenda.

Michoro hiyo iliwashtua watu wazima wenye uzoefu. Malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, lakini ilikuwa ikipata asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Magonjwa ya watoto yanayoambatana, yaani nimonia, kuhara, utapiamlo, surua na malaria, yalikuwa asilimia 28 ya mzigo wote na yakipata asilimia 13. Kifua kikuu, kilichochangia chini ya asilimia 4, kilikuwa kinachukua asilimia 22 ya fedha. Hakuna aliyekuwa ameiba wala aliyekuwa mvivu. Kila mmoja alikuwa akigawa fedha kama zilivyogawiwa mwaka uliotangulia. Wilaya zilipoona, zikabadilisha mgawo. Wahudumu wakafundishwa kumtibu mtoto kwa uwiano, bila kuushika ugonjwa mmoja na kuiacha mingine. Vyandarua vikasukumwa. Nyongeza ya fedha iliyotumika haikufika dola moja kwa mtu kwa mwaka, na katika miaka iliyofuata vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Wapo watakaosema, na watasema kweli, kwamba vyandarua na dawa ndivyo vilivyookoa watoto. Lakini ni mchoro uliowaelekeza watu kwenye vyandarua na dawa, na mchoro huo ulisomwa na mtu mwenye mamlaka ya kuhamisha fungu. Naomba mambo hayo mawili yasitenganishwe kamwe.

Mfano wa pili nao ni wa mkoa wetu wa Morogoro. Kati ya mwaka 2009 na 2010, Ulanga, kabla Malinyi haijawa wilaya, ilikuwa mojawapo ya wilaya tatu zilizofanyiwa majaribio ya SMS for Life, pamoja na Lindi Vijijini na Kigoma Vijijini. Nimesimuliwa na jamaa wa huko, na taarifa zake ziliandikwa. Kila wiki mtumishi wa zahanati alipokea ujumbe kwenye simu yake mwenyewe, simu ya vitufe ya kawaida. Alichotakiwa ni kwenda kwenye kabati, kuhesabu paketi za aina nne za dawa mseto ya malaria zinazotolewa kwa kufuata uzito wa mgonjwa, pamoja na kwinini ya sindano, kisha kujibu. Ujumbe haukumgharimu, na akijibu kwa wakati alirushiwa salio kidogo. Mganga Mkuu wa Wilaya aliona majibu ya zahanati zote mahali pamoja, na aliyekuwa na ziada aliombwa ampatie aliyeishiwa. Vituo vilikuwa 129 na majaribio yalichukua wiki 21. Yalipoanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Yalipokwisha, vilikuwa asilimia 26.

Naomba utazame udogo wa swali lile. Hesabu tano tu kwa wiki, jambo la kusimama mbele ya kabati na kurudi kwa mgonjwa. Jibu likazaa dawa kabla wiki nyingine haijaisha. Mtumishi aliyejibu aliona gari au pikipiki ikiingia na boksi. Mtu akiona hivyo mara moja, hutamlazimisha tena kujibu, na kwa kweli waliojibu kila wiki walikuwa karibu wote.

Kwa uaminifu lazima niongeze kilichotokea baadaye. Mfumo huo ulipopelekwa nchi nzima, ujumbe ukaendelea kuonyesha makabati matupu, kwa sababu dawa zenyewe zilikuwa zimechelewa huko juu, kwenye manunuzi yanayotegemea wafadhili. Mganga Mkuu wa Wilaya hawezi kugawa ziada isiyokuwepo. Simu ilisema kweli na ukweli haukuwa na wa kuutendea kazi. Ndiyo maana ninasema, kwa unyenyekevu, kwamba swali la kwanza la kuuliza juu ya mfumo wowote si aina ya programu. Ni hili: taarifa hii ikisema pana upungufu, ni nani atakayeamka kesho asubuhi akiwa na uwezo wa kuuondoa?

Najua wizara yako haijalala. Ulikuwapo Mkakati wa Kitaifa wa Afya Mtandao wa 2013 hadi 2018, ukafuatiwa na Mkakati wa Afya ya Kidijitali wa 2019 hadi 2024. Mfumo wa DHIS2, uliosimikwa nchini kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Oslo, unapokea ripoti za nchi nzima. Tunayo pia Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019. Mikakati hiyo inazungumzia mifumo kusomana, nami naiunga mkono yote. Ila kusomana kwa mifumo kunakozungumzwa Dodoma kunafika huku kama kompyuta mbili zinazojuana juu ya kichwa cha muuguzi asiyeelezwa lolote. Ningefurahi kama neno hilo lingeongezewa maana: mfumo usomane pia na yule aliyeujaza.

Jirani zetu Uganda walifikia mahali pa kuchoka. Januari 2012 wizara yao ya afya iliagiza miradi yote ya majaribio ya afya kwa njia ya simu isimame mpaka ipitiwe na kuidhinishwa, kwa kuwa ilikuwa imezagaa wilayani, kila mmoja na mfadhili wake na simu zake. Lilikuwa agizo gumu na liliwaudhi watu wema. Mimi ninaliona kuwa agizo la heshima kwa wauguzi, na sitaficha kwamba ningelifurahia hapa kwetu.

Sasa niruhusu nishuke kwenye jambo linalonigusa zaidi, la akina mama. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Buchosa ukapita Shinyanga, na ambao Serikali iliamua mwaka 2022 uenee nchi nzima, ni jambo jema kupita kiasi. Mama akipata dharura ya uzazi, namba 115 inapigwa bila malipo, mratibu anatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo anamtafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa na kufundishwa, naye analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama. Naamini aliyebuni hivi alikuwa amewahi kukaa kijijini. Alijua kwamba gari la wagonjwa liko mbali na kwamba pikapu ya jirani iko karibu.

Lakini Uluguru, Mheshimiwa, ina vitongoji ambavyo hata pikapu ya jirani haifiki. Kilele cha Kimhandu kinapita meta 2,600, na watu wamejenga na kulima juu sana kwenye miteremko yake, mahali ambapo njia ni ya mguu tu, yenye mawe, na inayoteleza kama sabuni kuanzia Machi mpaka Mei. Mama akishikwa na uchungu unaokwenda vibaya usiku, hatua ya kwanza ya rufaa ni machela: miti miwili, shuka au kitenge kilichofungwa kwa mafundo, na wanaume wanne wa kupokezana na wengine wanne, mwenye tochi akiwa mbele. Wanashuka mpaka barabara ya Bigwa kwenda Kisaki, na huko ndiko gari linakosubiri. Saa ngumu kuliko zote katika rufaa hiyo ni zile ambazo mfumo hauzioni, kwa sababu mfumo unaanza kuhesabu pale gurudumu linapoanza kuzunguka.

Kwa idhini yako ninapendekeza, kama halijafanyika tayari mahali pengine, wabeba machela wa vitongoji vya mlimani wasajiliwe kama wanavyosajiliwa madereva wa jamii. Wafundishwe kumlaza mama anayetoka damu, wapewe makoti ya mvua na tochi, na walipwe kwa simu mama anapofikishwa. Kiongozi wao awe na namba inayojulikana na mratibu wa 115, ili gari lipigiwe wakati machela inaondoka, si wakati inafika barabarani. Jambo hili halihitaji programu mpya. Linahitaji programu iliyopo ikubali kwamba miguu nayo ni chombo cha usafiri.

Jambo lingine ninalisema kwa sauti ya chini kwa sababu ni la faragha za watu. Wataalamu wengi wanatengeneza mifumo wakidhani kila mtu ana simu yake. Huku simu moja inatumiwa na nyumba nzima. Simu anaibeba mume akienda shamba la bondeni, au inashikwa na kijana anayejua kusoma haraka. Ujumbe wa kumkumbusha mtu siku ya kliniki unasomwa kwanza na asiyehusika. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, iliwatumia wajawazito na wenza wao ujumbe wa bure wa Kiswahili na iliwafaa wengi, kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya kusomwa na yeyote ndani ya nyumba bila aibu. Ujumbe unaotaja dawa za mtu au majibu ya kipimo chake ni kitu kingine kabisa, na madhara yake kijijini hayafutiki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatulinda, nayo ilianza kutumika Mei 2023. Naomba ifundishwe mpaka kwenye kamati za zahanati kwa lugha ya kawaida, na muuguzi aruhusiwe kuandika kwamba mteja huyu asitumiwe ujumbe wowote, bila mfumo kumkatalia kusonga mbele.

Wakati huohuo kadi ya kliniki ya karatasi isidharauliwe. Familia nyingi za mlimani zinashuka mabondeni wakati wa kulima na kuvuna mpunga, na mtoto anaweza kuanza chanjo kijiji kimoja na kuikamilisha kingine. Kadi ile, ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kutunzwa sandukuni pamoja na hati za shamba, imesafiri naye kila mahali na haijawahi kuishiwa chaji. Mfumo wa kidijitali uifuate kadi na kuiongezea nguvu. Usimfukuze mama aliyeishika kwa sababu jina la mwanawe halionekani kwenye kioo.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwafikia 137,294 katika miaka mitano. Ni habari kubwa. Hao ndio watakaobeba simu za kazi mpaka kwenye vitongoji vya machela. Ninaomba kabla simu hizo hazijajazwa maswali, wahudumu wachache wa milimani waketi na wanaoziandaa, wakiwa na haki ya kusema swali hili liondoeni. Inawezekana. Programu ya kuandikisha wanachama wa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ilianzia Dodoma mwaka 2012, kwa msaada wa Uswisi, ikaletwa na Morogoro na Shinyanga, na baadaye ikatumika hadi Nepal. Tanzania ina vijana wanaoweza kuandika mfumo ukafaa milima ya nchi nyingine. Basi na ufae Uluguru kwanza.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ninayoyaomba ni haya. Mfumo wowote mpya ujaribiwe kwanza kwenye zahanati ya mlimani wakati wa masika, ukiwa hauna mtandao kwa siku kadhaa na betri ikiwa nusu, na ukishindwa hapo usipitishwe hata kama umefaulu mjini. Ukipitishwa, uondoe kitabu unachokichukua nafasi yake, kwa waraka wenye sahihi, ili muuguzi asiandike jambo moja mara mbili. Kila mwezi ukurasa mmoja kwa Kiswahili urudi zahanatini na ubandikwe ubaoni: wagonjwa wetu walikuwa wangapi, waliugua nini, dawa gani ziliisha na kwa siku ngapi, na wilaya imefanya nini juu yake. Na mfadhili anapoaga, halmashauri ibaki na uwezo wa kuuendesha na kuurekebisha, pamoja na fungu la bando na betri kwenye bajeti, kwa sababu tumekwisha kuona vifaa vikibaki kabatini siku mradi unapofungwa.

Najua ratiba yako ni nzito na nchi ni kubwa. Hata hivyo, kwa heshima zote, ninakualika Matombo, na ningekuomba uje mwezi Aprili. Barabara ya kutoka Morogoro kupitia Kiroka na Mkuyuni itakuwa na matope lakini inapitika. Tafadhali fuatana na wale vijana wako wanaoandika programu, wakae na muuguzi wetu siku moja ya kliniki kuanzia asubuhi, wamsaidie kujaza kila anachojaza, na jioni waende naye kwenye ule mwembe kuituma ripoti. Kamati itawapokea kwa moyo wote na chakula kitakuwepo. Kama safari haitawezekana mwaka huu, basi naomba huo ukurasa mmoja wa Kiswahili uanze na ripoti ya mwezi ujao, kwa zahanati za wilaya yetu tu. Takwimu zake mnazo tayari.



Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mjumbe wa kamati ya zahanati,
Tarafa ya Matombo,
Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro.

Nakala: Mheshimiwa Waziri wa Nchi, TAMISEMI, kwa kuwa zahanati yetu iko chini ya halmashauri, na maombi haya hayatatimia bila Wizara ya Afya na TAMISEMI kukaa meza moja.